Sahihi Kabla ya Sahani

Karani wa ofisi ya mikopo ya nyumba alikuwa kijana mpole, na kwa sababu ya upole huo Herlinda Tepole alidhani amesikia vibaya. Akamwomba arudie. Kijana akamgeuzia kioo cha kompyuta ili ajionee mwenyewe, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu, akamwambia tena kwamba kumbukumbu zinaonyesha amefanya kazi miezi kumi na moja.

"Miaka tisa," Herlinda alisema. "Nilianza pale binti yangu akiwa mgongoni. Sasa yuko darasa la tano."

"Naona, mama. Lakini siyo miaka tisa. Ni miezi kumi na moja, mara tisa. Kila Desemba unaacha kazi kwa hiari yako, halafu Januari unaanza upya."

Hakusema kwa kejeli. Alieleza kwamba mkopo unataka alama, alama zinataka kazi isiyokatika, na kazi ya mama hukatika kila mwaka siku chache kabla ya Krismasi. Kisha, kwa udadisi wa kweli wa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye cherehani, akauliza kwa nini kila mwaka anaichukia kazi yake wakati uleule. Herlinda akakusanya vitambulisho vyake, akashukuru, akarudi kiwandani kabla saa ya chakula haijaisha.

Kiwanda kilikuwa cha Mhandisi Baltazar Quiroz. Alisomea uhandisi wa nini, mji mzima wa Tehuacán haukujua, lakini mtu mwenye magari mawili na kiwanda lazima aitwe kitu. Wanawake sitini walimshonea suruali za jinzi zilizopelekwa ng'ambo ya mpaka, na kazi ya Herlinda ilikuwa mifuko ya nyuma. Wiki zile za kufunga mwaka mapambo ya kumetameta yalitundikwa juu ya cherehani, yakashika vumbi la buluu la jinzi kwa siku mbili, yakafanana na kila kitu kingine mle ndani. Ukutani palibandikwa kitambaa kirefu: SISI NI FAMILIA MOJA. Chini yake palikuwa na tangazo dogo la msimamizi kwamba oda ya mwisho ikichelewa, familia itafanya kazi Jumapili.

Utaratibu wa kufunga mwaka ulijulikana. Siku ya sherehe, kabla ya meza ya chakula, huwekwa meza nyingine yenye rundo la karatasi. Kila karatasi inasema kwamba mimi mwenye sahihi hapa chini, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu, naacha kazi, wala sina dai lolote. Ukitia sahihi unapewa bahasha ya malipo ya Krismasi na tikiti ya njano. Ukionyesha tikiti unapewa sahani. Mpangilio huo aliubuni Maricruz, karani wa ofisini, baada ya kugundua kwamba watu wakishakula hutawanyika na wengine hujificha chooni. Januari wote hurudi, huulizwa majina yao kama wageni, na hukaa kwenye cherehani zilezile.

Siku tatu kabla ya sherehe Mhandisi alimwita Herlinda ofisini. Alimpa kiti, jambo ambalo lilimtia wasiwasi, kisha akamjulisha kwamba amechaguliwa kuwa Mfanyakazi Bora wa Mwaka. Hakukosa kazi hata siku moja. Hata siku sindano ilipompita kidole alifunga kitambaa akaendelea kwa mkono wa pili. Zawadi ni mashine ya kufulia, mpya, kubwa, yenye utepe. Alitakiwa tu kusema maneno machache ya shukrani, na asisahau kutaja neno familia.

"Na ile karatasi, Mhandisi?"

"Karatasi ipi?"

"Ya kuacha kazi. Yaani niwe mfanyakazi bora wa mwaka, na siku hiyohiyo niache kazi?"

Mhandisi alicheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto mvua inatoka wapi. Akamweleza kwamba ile ni shughuli ya wahasibu tu, haina maana yoyote, na kitu kisicho na maana hakimdhuru mtu. "Mimi nakuchukulia kama dada yangu, Herlinda," akasema. "Ndugu hawahesabiani miaka."

*

Nyumbani walikaa kwa mama mkwe, Bi Celsa. Herlinda, mumewe Macario na watoto wawili walilala chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na chumba hicho, kama Bi Celsa alivyowakumbusha kila ilipopatikana nafasi, kilikuwa cha kuweka pango la Krismasi. Bi Celsa alikuwa na sanamu arobaini na mbili: wachungaji, punda, mamajusi, kuku, hata polisi mmoja ambaye hakuna aliyejua alifikaje Bethlehemu. Kwa kukosa nafasi, tangu mwanawe alipooa, pango lilijengwa juu ya friji. Kila mtu alipofungua mlango kutafuta maziwa mchungaji mmoja alianguka.

"Hata Yusufu na Mariamu walipewa zizi," alikuwa akisema, akiokota mchungaji. "Mimi nimepewa friji."

Asubuhi moja, wakiwa kwenye jiwe la kufulia uani, Herlinda alimweleza mumewe habari ya miezi kumi na moja. Macario alifanya kazi shamba la kuku, kwenye kupanga mayai, na alikuwa mtu mwangalifu kwa mazoea ya kazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni dhuluma, ndiyo. Akasema pia kwamba wote wanatia sahihi, kwamba dada mmoja aliyekataa katika kiwanda cha jirani hakuajiriwa tena mji mzima, na kwamba ameshamwambia kaka yake habari ya mashine.

"Umeshamwambia?"

"Alikuwa anajisifia gari," Macario alisema. "Nikaona na mimi niseme kitu."

Herlinda akaendelea kusugua. Mikono ya Bi Celsa ilikuwa imeharibika kwa jiwe lile, na yake mwenyewe ilianza kufuata. Aliitamani ile mashine. Angesema uwongo kama angesema hakuitamani.

*

Sherehe ilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Cherehani zilisukumwa ukutani zikafunikwa mashuka, na harufu ya bata mzinga katika mchuzi wa pilipili na kakao ikaingia mpaka kwenye marobota ya nguo. Wanawake walikuwa wamevaa vizuri, wengine kwa viatu ambavyo miguu yao haikuvizoea, na kwa sababu hiyo walitaka foleni iende upesi. Maricruz alikaa mezani na kofia nyekundu yenye kishada cheupe. Alikuwa akisema sentensi moja tu, bila kuinua macho: "Hapo chini, mwenzangu, penye alama ya msalaba. Krismasi njema."

Ilipofika zamu yake, Herlinda aliichukua karatasi akaisoma. Hakuna aliyewahi kuisoma. Nyuma yake foleni ilisimama, ikaanza kukohoa.

"Hapo penye msalaba," Maricruz akarudia.

"Imeandikwa kwa hiari yangu."

"Ndiyo."

"Basi hiari yangu ni nisitie."

Maricruz akainua macho. Alitafuta mezani kwake kana kwamba kuna karatasi nyingine ya watu wa namna hiyo, asiione. Obdulia, aliyesimama nyuma yake, mshonaji wa pale kwa miaka kumi na minne na ndiye aliyemfundisha Herlinda kushona mfuko wa kwanza, alimgusa bega akamnong'oneza atie tu, wali unapoa. Herlinda akairudisha karatasi mezani, akailaza vizuri, akatoka kwenye foleni.

Mhandisi hakuwa na habari. Wakati huohuo alikuwa ameshika kipaza sauti akieleza jinsi mwaka ulivyokuwa mgumu kwake, na jinsi alivyolazimika kuahirisha ukarabati wa nyumba ya ufukweni ili mtu yeyote asipoteze kazi. Akamwita Mfanyakazi Bora. Watu wakapiga makofi. Herlinda akapita katikati ya meza, akasimamishwa kando ya mashine ya kufulia, mkono mmoja juu ya kifuniko kama alivyoelekezwa na mpiga picha.

Alipopewa kipaza sauti alishukuru. Alisema amefurahi kuchaguliwa. Alisema wakijaliwa watamkuta Januari kwenye cherehani yake, kwa sababu yeye hajaacha kazi na hana mpango wa kuacha. Baadhi wakapiga makofi kwa mazoea, kisha mikono ikapoa mmoja mmoja. Mhandisi aliendelea kutabasamu kwa kuwa mpiga picha alikuwa bado anahesabu mpaka tatu, na katika picha ile, ambayo baadaye haikubandikwa popote, tabasamu lake lina meno mengi kuliko kawaida.

Maricruz akaja kumnong'oneza. Mhandisi akasema, bila kipaza sauti, kwamba mashine itapelekwa nyumbani kwake, wasiisumbue leo.

Herlinda akaenda meza ya chakula. Mama wa kupakua alimfahamu, watoto wao walisoma pamoja. Alitazama mikono mitupu ya Herlinda, akatazama sufuria. "Tikiti ya njano iko wapi, Herlinda?"

"Sina."

"Bila tikiti siwezi, mama. Zimehesabiwa." Alisema kwa sauti ya chini ili kumsitiri, lakini kila mtu alikuwa kimya, wakasikia wote.

Basi Mfanyakazi Bora wa Mwaka alikaa kwenye ukingo wa benchi na kikombe cha kinywaji cha moto cha matunda, ambacho hakikuhitaji tikiti. Wenzake walikula wakiinamia sahani. Obdulia alimsogezea kipande cha bata mzinga kwa uma, Herlinda akakataa, kisha akakichukua kwa sababu alikuwa na njaa.

*

Jumatatu alikwenda ofisi ya upatanishi wa kazi, ghorofa ya pili, akiwa na risiti zake za mishahara za miaka tisa ndani ya mfuko wa mikate. Mlango ulikuwa umefungwa. Mlinzi, aliyekuwa akila chungwa, alimweleza kwamba wamefunga tangu Ijumaa saa sita.

"Lakini watu wanafukuzwa kazi sasa," Herlinda alisema. "Huu ndio msimu wake."

"Najua, mama. Wanakuja wengi sana. Wewe ni wa kumi na tano leo." Mlinzi akang'oa kipande kingine cha chungwa lake. "Haki zinafunguliwa tarehe saba." Na kwa kuwa alikuwa na roho nzuri, alimpa kalenda ya mwaka mpya yenye nembo ya ofisi, bure.

Bila bahasha, matayarisho ya sikukuu yalianza kupungua kitu kimoja kimoja. Bi Celsa alikuwa amemwahidi dada yake kutoka Puebla samaki wa chumvi kwa usiku wa Krismasi. Samaki akawa kuku, na Jumanne asubuhi kuku akawa mayai, maana Macario aliruhusiwa kuchukua yaliyopasuka. Kaka yake Macario alipiga simu mara mbili kuuliza ile mashine ni ya kilo ngapi. Obdulia alipitia kusema kwamba kiwandani wameambiwa sherehe ya mwaka ujao huenda isiwepo kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua shukrani. Hakusema yeye anaonaje. Aliacha tamali sita za unga wa mahindi zilizofungwa kitambaa, akaondoka upesi kabla hajaonekana.

Jumanne hiyohiyo mchana, gari la mizigo lilisimama mlangoni. Nyuma yake ilisimama mashine ya kufulia, imefungwa kamba, utepe wake mwekundu haujaguswa. Mtaa wote ulitoka. Watu waliokuwa hawana shida walikumbuka ghafla kufagia mbele ya milango yao. Maricruz alishuka na jalada kifuani, safari hii bila kofia, akamwamkia Bi Celsa kwa heshima zote, akasema Mhandisi ametuma zawadi pamoja na bahasha ya Krismasi, na pana kijikaratasi kidogo tu cha kumalizia.

Macario alikuwa ameshapanda garini anafungua kamba.

Bi Celsa akaisogelea mashine. Alipitisha kiganja juu ya kifuniko, akakifungua, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima. Herlinda alimwona anavyoitazama, akajua mambo yamekwisha. Angeweza kubishana na Mhandisi, na Maricruz, hata na mumewe. Hangeweza kubishana na mikono ile.

"Asipotia sahihi?" Bi Celsa akauliza.

"Basi hairuhusiwi kushushwa, Bibi. Wala bahasha siwezi kuitoa. Siyo mimi, ni utaratibu."

"Na akitia, ile habari ya mkopo wa nyumba inakuwaje?"

Maricruz akasema hayo ni mambo ya serikali. Herlinda ndiye aliyejibu kwamba akitia anarudi sifuri, na hesabu inaanza Januari.

Bi Celsa akafunga kifuniko. Alimtazama mwanawe juu ya gari, akamtazama mkwewe, akawatazama wajukuu wawili waliotokeza dirishani katika chumba ambacho kilikuwa chake.

"Nimefua kwa mikono miaka sitini," alisema. "Nitaendelea kufua. Lakini kukaa na hawa mpaka nife, hilo siwezi. Irudishe."

"Mama," Macario alisema.

"Shuka hapo. Funga kamba ya watu."

Maricruz alijaribu kueleza tena, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani bibi hasikii. Bi Celsa alikuwa ameshaingia ndani. Herlinda aliomba bahasha yake, akasema sheria inataka ilipwe kabla ya tarehe ishirini, sahihi au bila sahihi. Maricruz akamtupia jicho kidogo, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kusema jambo la kwake na kuona kwamba watu ni wengi. Akapanda gari. Mashine ikakata kona, utepe unapeperuka, na majirani wakaacha kufagia.

Miaka yote hiyo Herlinda alikuwa akingoja siku mama mkwe atakapomtetea. Alikuwa ameiwazia siku hiyo kwa maneno mengine kabisa. Lakini alipoingia jikoni alimkuta anavunja mayai, akashika kijiko akamsaidia, na hawakuzungumza habari nyingine ila chumvi.

Usiku wa Krismasi walikula mayai na tamali za Obdulia. Dada wa Puebla aliuliza samaki yuko wapi, Bi Celsa akamjibu kwamba daktari amekataza chumvi. Macario, aliyenuna tangu jana yake, alikula sahani ya pili, akasema mayai yametoka vizuri. Kwa desturi yake hiyo ilikuwa ni kuomba radhi.

*

Jumatatu ya kwanza ya Januari wanawake sitini walikuwa langoni saa moja asubuhi. Mlinzi wa lango alisoma orodha ya watu wa kuajiriwa, majina hamsini na tisa. Herlinda alingoja amalize, kisha akapita.

"Jina lako halimo, dada," mlinzi alisema. "Leo hakuna nafasi."

"Sikuja kutafuta kazi. Naenda kazini."

Mlinzi alikuwa amezoea watu wanaobembeleza na wanaolia, wote aliwajulia. Huyu alimshinda. Akampigia Maricruz, Maricruz akampigia Mhandisi, Mhandisi akampigia wakili wake aliyekuwa bado likizoni. Simu ile ilichukua dakika ishirini. Wanawake waliokuwa karibu na dirisha la ofisi walimsikia Mhandisi akisema ndiyo, halafu ndiyo, halafu ngapi? Wakili alimweleza kwamba mtu ambaye hajaacha kazi bado yuko kazini, kwamba kumtoa kuna gharama, na kwamba ofisi ya upatanishi inafunguliwa keshokutwa.

Mhandisi akatoka mwenyewe. Alimpa Herlinda mkono, akamtakia mwaka mwema, akatoa bahasha mfukoni. Alikuwa amemtunzia, alisema, maana siku za sikukuu wezi ni wengi. Habari ya mashine ya kufulia hakuigusa. Baadaye ilijulikana kwamba ilipata mshindi mwingine, mpwa wake wa ofisini, ambaye hakuwahi kushona hata kifungo.

Herlinda alidhani shughuli imeishia hapo. Alikuwa ameshatandika kitambaa chake kwenye kiti Maricruz alipomfuata na daftari jipya, amekunja uso kwa aibu. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameweka sharti: kila mfanyakazi mpya lazima afundishwe usalama wa kazi na mfanyakazi mzoefu, maswali na majibu yaandikwe, na daftari litumwe kwao. Wafanyakazi wapya walikuwa hamsini na tisa. Maricruz alikuwa amepekua makabati yote, na kwa mujibu wa karatasi za kiwanda, mtu aliyefanya kazi pale zaidi ya saa moja alikuwa mmoja tu.

Basi wakapangwa kwenye mabenchi, kila mmoja na kibandiko cha jina kifuani, ingawa walikuwa wamejuana tangu ujana. Herlinda akasimamishwa mbele, chini ya kitambaa cha familia moja. Mhandisi alikaa pembeni, mpiga picha akawa tayari.

Herlinda akasema anaitwa Herlinda Tepole, yuko pale mwaka mmoja. Alisema hii ni cherehani. Hii ni sindano, inachoma. Kule ni mlango wa dharura, umefungwa kwa kufuli, ufunguo anao msimamizi. Mhandisi alikohoa. Maricruz aliandika. Wanawake walimsikiliza kwa utulivu mkubwa, wengine wameuma midomo, mmoja akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso.

"Kuna swali?" akauliza.

Obdulia akanyoosha mkono. Alisimama taratibu, kwa sababu ya magoti, na kibandiko chake, chini ya jina, kilikuwa kimeandikwa MGENI.

"Mwalimu," alisema, "na mtu akitaka mwakani asiwe mgeni, anafanyaje?"

Kicheko kilikatika. Mhandisi aliacha kutazama kamera. Herlinda aliyapitisha macho benchi hadi benchi, nyuso hamsini na tisa alizozijua.

"Hatii sahihi," alijibu.

Maricruz, aliyeagizwa asiache swali lolote wala jibu lake, akaliandika kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mstari chini yake, akafungua ukurasa mwingine.